Kwa nini ls -R *.pdf huacha faili nyingi nje, na namna ya kupata orodha kamili

Msomaji anayefanya kazi katika masjala ya chuo kimoja mjini Dodoma ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nimekabidhiwa diski yenye nyaraka za chuo zilizoskaniwa tangu mwaka 2009. Zimo katika saraka nyingi, na ndani ya saraka hizo mna saraka nyingine. Natakiwa kutoa orodha moja ya faili zote za PDF, pamoja na ukubwa na tarehe ya kila faili. Kwenye kompyuta yetu ya zamani ya Windows nilizoea kuandika dir /s *.pdf na kila kitu kilitokea. Sasa tumehamia Ubuntu. Nimeandika ls -R *.pdf nikapata faili tatu tu za saraka niliyomo, ilhali najua zipo maelfu. Nimekosea wapi?"

Marahaba. Maelekezo ya ls umeyaelewa vizuri, kwa sababu ni kweli kwamba -R huiambia amri hiyo iingie ndani ya kila saraka inayoikuta. Kosa limetokea mahali ambapo macho hayafiki, yaani kati ya wakati unapobonyeza Enter na wakati ls inapoanza kazi yake.

Programu inayopokea maneno unayoandika na kuyatafsiri kabla ya kuziita amri nyingine huitwa ganda, na ganda la kawaida kwenye Ubuntu ni Bash. Ganda likikuta alama ya nyota katika neno, huchungulia saraka uliyomo, hukusanya majina ya faili zinazolingana na neno hilo, huiondoa nyota na kuyaweka majina hayo mahali pake, kisha ndipo huiita ls. Kwa hiyo ls haikuiona nyota yako hata kidogo. Kilichoifikia ni majina matatu yaliyokwisha kuchaguliwa, na kwa kuwa -R ina kazi pale tu jina lililotajwa linapokuwa la saraka, na majina yote matatu yalikuwa ya faili za kawaida, ls haikuwa na pa kuingia. Unaweza kulishuhudia jambo hili kwa kutanguliza neno echo, ambalo kazi yake ni kurudia maneno liliyopewa:

echo ls -R *.pdf

Jibu litakuwa mfano wa hili:

ls -R bajeti.pdf barua.pdf mahudhurio.pdf

Hiyo ndiyo amri uliyoitoa kwa hakika. Chukua mfano wa masjala yako mwenyewe. Mkuu wa masjala anataka majalada yote ya likizo. Kabla ya kumtuma mhudumu, anachungulia kabati moja lililo mbele yake, anaona majalada matatu, anayaandika kwenye karatasi na kumwambia mhudumu ayalete. Mhudumu hata akiwa na funguo za vyumba vyote vya jengo atarudi na majalada matatu, kwa sababu hakutumwa kutafuta bali kuleta.

Kwenye Windows mambo huenda kinyume chake. Ganda la cmd halifungui nyota. Huikabidhi kama ilivyo kwa amri ya dir, na dir yenyewe ndiyo inayotembea na nyota hiyo kutoka saraka hadi saraka. Mazoea yako yalikuwa sahihi kabisa kule ulikotoka. Desturi ya Unix nayo ni ya tangu miaka ya mwanzo ya 1970 katika maabara za Bell Labs, ambako kazi ya kufungua nyota ilifanywa na programu ya pembeni iliyoitwa /etc/glob. Baadaye, katika toleo la saba la Unix la mwaka 1979, ganda jipya lililoandikwa na Stephen Bourne likaifanya kazi hiyo lenyewe. Faida ya mpango huu ni kwamba nyota ina maana ileile kwa amri zote, ziwe za kunakili, kufuta au kuorodhesha. Hasara yake ndiyo hiyo iliyokupata.

Wapo watakaokushauri uandike ls -lR | grep pdf. Nakuomba usiifuate njia hiyo kwa kazi ya kumbukumbu. Amri ya ls ikiwa na -R huandika jina la saraka mara moja tu, juu ya kila kundi la faili, kama kichwa cha habari. Ukichuja kwa grep, vichwa hivyo hupotea, ukabaki na majina yasiyoonyesha yanatoka wapi. Katika diski kama yako, ambayo bila shaka ina faili nyingi zenye jina moja katika saraka za miaka tofauti, orodha ya namna hiyo haina thamani.

Amri iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii ni find. Ingia kwanza katika saraka ya juu ya diski, kisha andika:

find . -type f -iname '*.pdf'

Nukta inasema utafutaji uanzie saraka uliyomo. Sehemu ya -type f inataka faili za kawaida tu, ili saraka ambayo mtu aliipa jina kama "skani.pdf" isihesabiwe. Nimeandika -iname badala ya -name kwa sababu Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na mashine nyingi za kuskani huandika majina kama SCAN0001.PDF, ambayo -name '*.pdf' ingeyaruka. Matokeo yatakuwa na njia nzima ya kila faili, kuanzia nukta hadi jina lenyewe.

Hapo ninataka usimame nami kidogo kwenye zile alama za kunukuu zinazozunguka nyota, kwa sababu ndizo zinazobeba usalama wa amri nzima. Kazi yake ni kulizuia ganda lisiiguse nyota, ili find iipokee ikiwa nzima na kuitumia yenyewe katika kila saraka. Ukizisahau, kitakachotokea kinategemea kilichomo kwenye saraka uliyosimama. Kama saraka hiyo haina faili hata moja inayolingana na nyota, Bash huiacha nyota kama ilivyo na find hufanya kazi vizuri, kwa bahati tu. Kama zipo mbili au zaidi, find hupokea majina mengi mahali ilipotarajia moja, hukataa, na huandika ujumbe wa hitilafu unaoanza na "find: paths must precede expression". Kukataa huko kuna nafuu, kwa maana unajua kwamba kuna tatizo. Hatari kubwa ni pale inapokuwapo faili moja tu. Nyota hubadilishwa kuwa jina la faili hiyo, find haioni kosa lolote, na huenda kutafuta jina hilo peke yake katika diski nzima.

Jambo hilo lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja iliniomba nitoe orodha ya hati zake zote za Word kabla ya kuhamishiwa kwenye diski mpya. Niliandika find . -name *.doc bila alama za kunukuu. Saraka ya juu ilikuwa na faili moja tu, ripoti.doc, na kila saraka ya mwaka ilikuwa na ripoti.doc yake, hivyo orodha ikatoka na mistari ya kutosha kunifanya niiamini. Hati zilizokuwa na majina mengine hazikuingia katika orodha, hazikunakiliwa, na diski ya zamani ikafutwa. Baadhi zilipatikana katika kompyuta za watumishi. Nyingine hazikupatikana tena. Tangu siku hiyo mkono wangu huandika alama za kunukuu kabla haujaandika nyota, na orodha pungufu isiyotoa malalamiko naiogopa kuliko ujumbe wowote wa hitilafu.

Sasa tuje kwenye ukubwa na tarehe. Njia fupi ni kuiomba find iyakabidhi majina kwa ls:

find . -type f -iname '*.pdf' -exec ls -lh {} +

Mabano yale mawili ni mahali ambapo majina yatawekwa, na alama ya kujumlisha inaiambia find ikusanye majina mengi kadiri inavyowezekana katika kila mwito mmoja wa ls. Ukiweka \; badala ya alama ya kujumlisha, ls itaitwa upya kwa kila faili, na kwa maelfu ya faili utangoja sana bila faida. Hata hivyo kwa kazi yako, ambayo naamini itaishia kwenye lahajedwali la mkuu wako, iko njia iliyo bora zaidi, kwa sababu find ya kwenye Linux inaweza kuandika habari hizo yenyewe kwa mpangilio unaoutaka:

find . -type f -iname '*.pdf' -printf '%TY-%Tm-%Td\t%s\t%p\n'

Alama tatu za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. %s ni ukubwa kwa baiti. %p ni njia ya faili. \t ni nafasi ya kichupo inayotenganisha safu, na \n hufunga mstari. Kwa kuwa tarehe inaanza na mwaka, ukiyapitisha matokeo kwenye amri ya sort yatajipanga kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Upangaji huo unahitajika, kwa kuwa find haipangi kitu. Huandika majina kwa utaratibu uleule inaoyakuta ndani ya diski, na utaratibu huo hauna uhusiano na alfabeti wala tarehe. Kama mwenzako anatumia Mac, mwambie kwamba find ya kule haina -printf, na kwamba amri ifuatayo itampa safu zilezile:

find . -type f -iname '*.pdf' -exec stat -f '%Sm%t%z%t%N' -t '%Y-%m-%d' {} +

Kuhusu tarehe, wewe kama mtunza kumbukumbu unapaswa kujua unachokisoma. Tarehe inayotolewa hapa ni ya mara ya mwisho yaliyomo kwenye faili yalipobadilishwa. Kama mtu aliwahi kuhamisha nyaraka hizo kwa amri ya cp bila kuongeza -p, faili zote alizonakili zimepewa tarehe ya siku ya kunakili, na ile ya awali haimo tena katika nakala hiyo. Ukiona mamia ya faili za miaka tofauti zina tarehe moja, ndiyo dalili. Andika maelezo hayo juu ya orodha yako kabla ya kuikabidhi, asije mtu akaichukua tarehe hiyo kuwa ndiyo ya kuskaniwa kwa waraka.

Nafasi katika majina ni jambo la pili linalowaangusha wengi. Waraka unaoitwa "Mtihani wa Pili 2019.pdf" ni faili moja kwako, lakini ganda hukata maneno kwenye nafasi. Anayeandika for f in $(find . -iname '*.pdf') atapewa vipande vinne, yaani ./Mtihani, wa, Pili na 2019.pdf, na hakuna faili yenye jina lolote kati ya hayo. Amri yetu ya -printf haisumbuliwi na jambo hili kwa sababu haipiti mikononi mwa ganda. Tatizo hutokea pale unapotaka kuyakabidhi majina kwa programu nyingine kupitia bomba, yaani alama ya |, na dawa yake ni hii:

find . -type f -iname '*.pdf' -print0 | xargs -0 sha256sum

Linux huruhusu jina la faili liwe na herufi yoyote, hata mwanzo wa mstari mpya, isipokuwa mbili tu: mkwaju, unaotenganisha saraka, na baiti ya sufuri. Kwa sababu baiti ya sufuri haiwezi kuwa sehemu ya jina lolote, -print0 huitumia kama mpaka kati ya jina na jina, na xargs -0 hukata hapo tu. Nimechagua sha256sum katika mfano kwa makusudi. Hutoa alama ya utambulisho ya yaliyomo ndani ya kila faili, na faili mbili zikiwa na alama moja, unaweza kuziona kuwa ni nakala ya kitu kilekile hata kama majina yake yanatofautiana. Katika diski iliyopita mikononi mwa watu wengi tangu mwaka 2009, nakala za namna hiyo hazikosekani.

Huenda umesikia pia juu ya nyota mbili. Bash kuanzia toleo la 4 inaweza kuzifungua kupitia saraka zote za ndani, ukiiwezesha kwanza:

shopt -s globstar
ls -l **/*.pdf

Kwa saraka ndogo ni njia nzuri, na mimi huitumia mara kwa mara ninapotaka kuona kitu upesi. Kwa diski nzima siipendekezi. Ganda hukusanya majina yote kwanza na kuyakabidhi kwa ls kwa mkupuo mmoja, na kiini cha mfumo kina kikomo cha ukubwa wa maneno ambayo amri moja inaweza kupewa. Andika getconf ARG_MAX uone kikomo cha kompyuta yako. Kwenye Linux za kawaida ni baiti 2,097,152. Majina yakizidi hapo utajibiwa "Argument list too long" na hutapata hata mstari mmoja wa orodha. Tena, nyota mbili huruka saraka zote ambazo majina yake yanaanza na nukta, na hizo find haiziruki.

Yako mambo machache ya mpaka wa utafutaji. Ukitaka find isiende ndani zaidi ya ngazi mbili, weka -maxdepth 2 mara tu baada ya nukta. Ukitaka iache saraka fulani, tuseme inayoitwa Zamani, andika hivi:

find . -path './Zamani' -prune -o -type f -iname '*.pdf' -print

Neno -prune linamaanisha pogoa, kama mtu anavyopogoa tawi la mti, na -o ni "au". Usiliache lile -print la mwisho, kwani bila hilo jina la saraka uliyoipogoa litatokea katika orodha kana kwamba nalo ni faili uliyoitafuta. Viungo vinavyoelekeza kwenye saraka nyingine havifuatwi na find isipokuwa umeiambia hivyo kwa -L, na kwa diski ya kumbukumbu nakushauri uache hivyo hivyo, ili faili moja isiorodheshwe mara mbili kwa njia mbili.

Inawezekana pia baadhi ya saraka zikakukatalia kwa ujumbe wa "Permission denied", maana yake mtumiaji uliyeingia naye hana ruhusa ya kuzisoma. Mafunzo mengi hufundisha kuzitupa jumbe hizo kwa kuongeza 2>/dev/null. Kwa mtu anayetafuta kitu kimoja haina madhara, lakini kwa anayetakiwa kutoa orodha kamili ni sawa na kuchana ukurasa wa daftari ulioandikwa vyumba ambavyo hakuvifungua. Zihifadhi badala ya kuzitupa. Amri yako kamili basi, tukidhani diski imejitokeza kwa jina NYARAKA na wewe umeingia kama mtumiaji anayeitwa masjala, ni hii:

cd /media/masjala/NYARAKA
find . -type f -iname '*.pdf' -printf '%TY-%Tm-%Td\t%s\t%p\n' 2> ~/makosa.txt | sort > ~/orodha.tsv

Angalia kwamba 2> ~/makosa.txt imewekwa kabla ya bomba, ili inase malalamiko ya find na siyo ya sort. Angalia vilevile kwamba orodha inaandikwa katika saraka yako ya nyumbani, nje ya diski inayopekuliwa. Ganda hulifungua faili la matokeo kabla find haijaanza kutembea, na siku utakapoorodhesha faili za kila aina, orodha iliyoandikwa ndani ya saraka hiyohiyo itajikuta imejiorodhesha yenyewe, tena pengine kwa ukubwa wa baiti sufuri. Faili la orodha.tsv litafunguka katika LibreOffice Calc likiwa na safu tatu, ukichagua kichupo kuwa ndicho kitenganishi.

Kabla ya kulipeleka kwa mkuu wako, lijaribu kwa hesabu. Amri ifuatayo huandika jina la saraka ya kila faili, huyaweka pamoja yanayofanana na kuyahesabu, ukianza na saraka yenye faili nyingi zaidi:

find . -type f -iname '*.pdf' -printf '%h\n' | sort | uniq -c | sort -rn

Chagua saraka mbili au tatu unazozifahamu, zifungue kwa kidhibiti cha faili chenye madirisha, uhesabu faili za PDF kwa macho na kulinganisha. Kama saraka unayojua ina nyaraka haimo katika hesabu kabisa, anza na makosa.txt. Kama makosa.txt ni tupu, tazama jina la waraka mmoja wa saraka hiyo hadi mwisho wake, kwa maana zipo mashine zilizohifadhi skani kama picha za .tif au .jpg, na zipo faili za PDF ambazo mtu alizibadilisha jina akaziacha bila kiendelezi. Hizo za mwisho find haiwezi kuzitambua kwa jina, lakini amri ya file huzitambua kwa kusoma mwanzo wa faili lenyewe, ambapo PDF huandika herufi %PDF:

find . -type f ! -iname '*.pdf' -exec file {} + | grep 'PDF document'

Ikitoa mistari yoyote, ongeza nyaraka hizo mwishoni mwa orodha kwa mkono, na uweke alama kwamba majina yake hayana kiendelezi.